Maswali ya Wasomaji: Fedha, Deni na Imani katika Biashara ya Michezo ya Vita

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu kampuni ndogo zinazotengeneza michezo ya vita, yaani michezo ya ubaoni au ya kompyuta inayomweka mchezaji katika nafasi ya kamanda wa mapigano yaliyowahi kutokea, mbele ya ramani iliyogawanywa katika vyumba vya pembe sita mithili ya sega la nyuki, na kete zinazosimama badala ya vikosi. Barua zilizokuja zilikuwa nyingi kuliko nilivyotazamia, na karibu zote ziliuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kampuni yenye wateja elfu chache duniani kote inaishije? Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa ndani yake kuna nyumba ya mzee ambayo bado inaweza kuokolewa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tunaandika programu za kompyuta hapa Dar es Salaam. Kwa miaka mitatu, jioni na siku za mapumziko, tumekuwa tukitengeneza mchezo wa vita kuhusu mapigano ya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki, tukianzia Tanga na kuishia pale Wajerumani walipoweka silaha chini. Tumefika nusu. Chama chetu cha akiba na mikopo kiko tayari kutukopesha shilingi milioni 60 ili tuache kazi na kuajiri wachoraji wawili, dhamana ikiwa nyumba ya baba yangu. Tunatarajia kuuza nakala 20,000 katika mwaka wa kwanza kupitia duka la mtandaoni la Steam, kwa dola 15 kila moja. Je, hesabu zetu ziko sawa? — Msomaji, Kinondoni

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na lililo zito: msichukue mkopo huo kwa dhamana ya nyumba ya mzee. Sisemi hivyo kwa kuwa mchezo wenu ni mbaya. Kwa maelezo mliyonitumia, wazo lenu ni zuri kuliko mengi niliyoyaona. Nasema hivyo kwa sababu mkopo una tarehe ya kulipwa, lakini mchezo wa vita hauna tarehe ya kununuliwa.

Tutazame fedha zenyewe. Steam hubakiza asilimia 30 ya mauzo, na kiwango hicho hushuka hadi asilimia 25 pale tu mapato ya mchezo yanapovuka dola milioni 10, kiasi ambacho hampaswi kukiweka katika mipango yenu. Kwa bei ya dola 15, mkononi mwenu zinabaki dola 10 na senti 50. Kutoka hapo, sehemu ya mapato inayotokana na wanunuzi walioko Marekani hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 30, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo unaoweza kupunguza kiwango hicho, na wanunuzi wengi wa michezo ya aina hii wako huko huko Marekani. Kisha yapo marejesho: mnunuzi anaweza kuomba fedha zake ndani ya siku 14 ikiwa hajacheza zaidi ya saa 2. Kwa mchezo wa mbio za magari, saa 2 zinatosha kumnasa mchezaji. Kwa mchezo wa vita wenye kitabu cha maelekezo cha kurasa nyingi, saa 2 zinaweza kwisha akiwa bado anajifunza namna ya kusogeza kikosi kimoja, na akichoka hapo, mauzo yamefutika.

Idadi ya nakala 20,000 mmeipata wapi? Barua yenu haisemi. Mimi ningepanga kwa nakala 1,000, kisha niangalie kama bado ninaweza kusimama. Nakala 1,000 zitawapa dola 10,500 kabla ya kodi na marejesho. Zigawanyeni kwa watu wanne na miezi 12, na kila mmoja hafikishi dola 220 kwa mwezi, ilhali deni lenyewe bado halijaguswa.

Hatari hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Charles Roberts wa Maryland, Marekani, alipotoa mchezo wake Tactics mwaka 1954 na kuuuza kwa njia ya posta, aliuza nakala zipatazo 2,000, na hesabu ilipofungwa alikuwa karibu na pale alipoanzia. Alitiwa moyo, akaanzisha kampuni ya Avalon Hill mwaka 1958, akapanua orodha ya michezo, akaweka shehena madukani, na mapema katika miaka ya 1960 madeni yakamzidi. Kampuni ikaangukia mikononi mwa wadai wake, ambao miongoni mwao alikuwamo mchapaji wake. Mtu huyu ndiye anayeheshimiwa kama mwanzilishi wa burudani hii nzima, na michezo yake ilikuwa ikipendwa. Kilichomwondoa katika kampuni yake mwenyewe ni gharama zilizotangulia mapato.

Kuna mfano mwingine ninaourudia kila ninapoombwa ushauri. Curt Schilling, mchezaji maarufu wa besiboli wa Marekani, anajulikana kwa wapenzi wa michezo ya vita kama mmoja wa waliounda Multi-Man Publishing, kampuni ndogo iliyochukua jukumu la kuuendeleza mchezo wa ubaoni wa Advanced Squad Leader baada ya Avalon Hill kuuzwa kwa Hasbro mwaka 1998. Kampuni hiyo inaongozwa na wapenzi wachache wa mchezo, wanatoa kidogo kidogo, na hadi leo ipo. Schilling huyo huyo alianzisha pia kampuni kubwa ya michezo ya kompyuta, 38 Studios, ikaajiri mamia ya watu na kuhamia jimbo la Rhode Island kwa mkopo wa dola milioni 75 uliodhaminiwa na jimbo hilo. Mwezi Februari 2012 ikatoa mchezo uliouza zaidi ya nakala milioni 1 katika miezi michache. Mwezi Mei mwaka huo huo ikaachisha wafanyakazi wote, na Juni ikatangaza kufilisika. Nakala milioni moja hazikutosha, kwa sababu mishahara ya kila mwezi ilikuwa imejengwa juu ya matumaini makubwa kuliko hayo.

Basi mfanye nini? Bakini kazini. Wachoraji walipeni kwa kazi, ramani hii na kete hizi kwa kiasi kilichokubaliwa, badala ya mishahara. Halafu, na hili najua litawauma, punguzeni mchezo. Vita vya miaka minne, kutoka Tanga hadi Abercorn walikoweka silaha chini Wajerumani, ni kazi ya watu ishirini. Mapigano ya Tanga peke yake, siku chache za Novemba 1914 ambapo jeshi la Waingereza la takriban watu 8,000 lililoletwa kwa meli kutoka India lilirudishwa baharini na kikosi cha Wajerumani cha askari wapatao 1,000, ni mchezo kamili ambao watu wawili wanaweza kuumaliza. Ukipendwa, mtatoa nyongeza, na mnunuzi wa mchezo wa kwanza ndiye atakayekuwa wa kwanza kuinunua nyongeza hiyo. Kampuni ya 2x2 Games ya Zagreb, Kroatia, ilifanya karibu hivyo: mwaka 2011 ilitoa Unity of Command, mchezo uliojibana ndani ya kampeni ya Stalingrad, wenye kanuni chache na wazo moja lililokamatwa vizuri, nalo ni kwamba jeshi lililokatiwa njia ya mahitaji hufa hata kama lina nguvu. Nyongeza zikafuata, na mwaka 2019 ukaja mchezo wa pili.

Wazo hilo la mahitaji ndilo linalonifanya niuamini mchezo wenu. Vita vya Afrika Mashariki vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu, na jina la Kariakoo, hatua chache kutoka mnapofanyia kazi, linatokana na kikosi cha wapagazi hao. Mtengenezaji wa ng'ambo akiigusa vita hii, kwa kawaida humtazama von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na ujanja wake. Nyinyi mnaweza kumfanya mchezaji aone kwamba kila bunduki mia inayokwenda mbele inadai mamia ya watu wa kubeba chakula, na kwamba watu hao wanatolewa vijijini wakati wa kulima. Soko la Stalingrad na Normandia lina wanunuzi wengi lakini lina michezo mingi mno. Soko lenu lina wanunuzi wachache, ila hakuna anayeweza kuwashinda kwa ukaribu na habari zenyewe. Jambo hilo liandikeni katika sentensi ya kwanza ya tangazo lenu.

Mwisho, fikirieni mchapishaji. Kampuni ya Slitherine ya Uingereza, iliyoungana na Matrix Games mwaka 2010, inawajua wanunuzi hawa na inawafikia kwa siku moja, jambo ambalo litawachukua nyinyi miaka. Itachukua sehemu ya mapato, na mara nyingi inastahili. Someni mkataba kwa wakili, na muulize mambo mawili: haki za mchezo zinarudi lini kwenu endapo mchapishaji ataacha kuuuza, na anwani za wanunuzi zinakaa kwa nani. Kuegemea haki za mwingine kuna hatari yake: kampuni ya michezo ya kompyuta ya SSI ya California, iliyoanza na Computer Bismarck mwaka 1980, ilikuja kuegemea leseni ya mchezo wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons iliyopata mwaka 1987. Leseni ilipokwisha, nguzo ikaondoka, na mwaka 1994 kampuni ikauzwa, ingawa mwaka huo huo ilitoa Panzer General, mmoja wa michezo ya vita iliyopendwa zaidi katika historia ya kompyuta.

SWALI: Mhariri, nina duka la vitambaa na ninajua kwamba bei ndogo huleta wateja wengi. Kijana wangu amenionyesha mchezo wa vita wa kompyuta wenye picha za kizamani kabisa, unauzwa karibu dola 80. Hawa watu hawaijui biashara? — Mama wa watatu, Mombasa

JIBU: Mama, wanaijua, ila bidhaa yao si kitambaa. Ukishusha bei ya kanga, jirani ambaye hakupanga kununua atanunua. Mchezo kama War in the East, uliotoka mwaka 2010 kwa bei hiyo hiyo uliyoitaja, unamtaka mchezaji aongoze vita vya Ujerumani na Urusi ya Kisovieti divisheni kwa divisheni, wiki kwa wiki, kwa miezi mingi ya maisha yake. Asiyetaka jambo hilo hatalichukua hata kwa dola 10, na anayelitaka amelisubiri kwa miaka. Idadi ya wanunuzi haiongezeki sana bei inaposhuka, kwa hiyo mwenye mchezo akishusha bei kwa nusu hujikata mapato kwa karibu nusu. Ndiyo maana nimemwandikia pia msomaji wa Kinondoni, kwa barua tofauti, kwamba dola 15 ni bei ya kujidharau.

Hata hivyo, upande wa pili upo, na kampuni kadhaa zimechelewa kuuona. Bei kubwa, pamoja na tabia ya miaka mingi ya kuuza katika tovuti zao tu bila kwenda kwenye maduka makubwa ya mtandaoni, iliwafanya wateja wawe wale wale, wakizeeka pamoja na michezo yao. Kijana wa miaka 20 hakuwa na mahali pa kukutana nayo. Njia ninayoipendelea ni kuwa na mchezo mmoja mdogo wa bei nafuu unaofungua mlango, na mikubwa ikabaki na bei yake. Punguzo la bei nalo litumike kwa uchache na kwa tarehe zinazojulikana, kwa maana wateja wakizoea kwamba kila mchezo hushuka kwa nusu baada ya miezi sita, wote watasubiri miezi sita, na ile fedha ya siku za kwanza inayolipa madeni ya utengenezaji haitakuwepo.

SWALI: Ndugu Mhariri, katika makala yenu mlisifu utaratibu ambao watu huagiza mchezo kabla haujachapishwa. Hapa kwetu tumeona watu wengi wakitoa fedha kwa ahadi na kulia baadaye. Utaratibu huo una tofauti gani na upatu? — Msomaji, Zanzibar

JIBU: Swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu linakwenda kwenye mzizi. Tofauti ipo katika jambo moja: fedha inatoka lini mfukoni mwa mteja.

Kampuni ya GMT Games ya Hanford, California, iliyoanzishwa mwaka 1990, ilikuwa na tatizo la kila mchapishaji mdogo. Mchezo wa ubaoni unachapwa kwa maelfu ili gharama ya kila sanduku ishuke, na usipouzwa, maelfu hayo hukaa ghalani yakiwa yamekwisha kulipiwa. Mimi mwenyewe niliwahi kutunza hesabu za fedha katika kiwanda kidogo cha uchapishaji, na nilishuhudia nakala 3,000 za kitabu kimoja zikichapwa kwa kuwa bei ya kila nakala ilionekana nafuu. Mchwa walikula zaidi ya nusu yake. Unafuu ule ulikuwa katika karatasi ya hesabu tu.

Karibu na mwisho wa miaka ya 1990, GMT ikaanzisha utaratibu inaouita P500. Mchezo unaopendekezwa unawekwa kwenye orodha, mteja anaandikisha jina lake na kadi yake ya benki, na kwa kufanya hivyo anapata bei iliyopunguzwa. Hakatwi kitu. Maagizo yakifika mia tano, kama jina linavyosema, mchezo unaweza kuingia katika maandalizi ya kuchapwa, na kadi haikatwi mpaka mchezo uwe umefika hatua za mwisho. Mteja akibadili nia kabla ya hapo, anajiondoa bila hasara. Kwa hiyo anachotoa mteja mwanzoni ni neno lake, na kampuni inapata kitu chenye thamani kuliko mkopo, yaani kujua kabla ya kuchapa ni watu wangapi wanaoutaka mchezo huo. Upatu hulipa wa kwanza kwa fedha za wa mwisho. Hapa hakuna wa kumlipa mwenzake.

Utaratibu huu nao una udhaifu wake, na nisingependa uonekane kama dawa ya kila ugonjwa. Unapendelea michezo inayofanana na ile watu wanayoijua. Twilight Struggle, mchezo wa watu wawili kuhusu Vita Baridi, ulikaa kwenye orodha hiyo kwa muda mrefu kabla ya kupata maagizo ya kutosha, ukachapwa mwaka 2005, kisha ukaja kushika nafasi ya kwanza kwa miaka kadhaa katika orodha ya michezo ya ubaoni ya tovuti ya BoardGameGeek, mbele ya michezo yote ya kila aina. Kama waandaaji wangeikataa kazi hiyo kwa sababu tu orodha ilikuwa ikisuasua, wangekuwa wametupa johari. Tena, bei inaahidiwa leo na gharama inakuja kesho. Mwezi Aprili 2025 Marekani ilipopandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145, kabla ya kuupunguza mwezi uliofuata, wachapishaji wengi wa michezo ya ubaoni walikuwa na shehena viwandani China ambayo wateja walikwisha kuahidiwa kwa bei ya zamani. Kwa faida nyembamba walizo nazo, ushuru wa namna hiyo ungeweza kuimeza faida ya mchezo mzima na kuendelea kula mtaji.

Sasa nikuonyeshe upande unaofanana na hofu yako. Mwaka 1969 Jim Dunnigan na Redmond Simonsen walianzisha kampuni ya michezo ya vita ya SPI jijini New York. Walichapisha jarida, Strategy & Tactics, lililokuja na mchezo mzima wa vita ndani ya kila toleo, na kila toleo liliwauliza wasomaji wanataka mchezo gani baadaye. Kwa akili ya biashara, jambo hilo lilikuwa la ajabu kwa wakati wake: walikuwa wakiuza na kupima soko kwa wakati mmoja. Lakini wasomaji walilipia matoleo ya mwaka mzima mbele, wengine hata usajili wa maisha, na fedha iliyoingia ilitumika kuendesha kampuni ya siku ile. Kila msomaji aliyelipa mbele alikuwa mdai, hata kama hakujiona hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha zikakauka. Mwaka 1982 SPI ikakopa zaidi ya dola 400,000 kutoka kwa TSR, kampuni iliyomiliki Dungeons & Dragons, na muda mfupi baadaye TSR ikaudai mkopo huo, ikachukua mali za SPI kama dhamana.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukishike. TSR ilichukua jarida, majina ya michezo na hazina yote ya kazi za SPI, lakini ikakataa kuheshimu usajili uliokwisha kulipwa. Huenda kisheria ilikuwa na hoja. Kibiashara, iliwageuza wateja waaminifu kuliko wote katika soko lile kuwa watu wasiotaka kuona tena jina lake kwenye sanduku la mchezo wa vita. Wabunifu kadhaa wa SPI wakaondoka na kuunda Victory Games chini ya Avalon Hill, na TSR haikuwahi kupata faida iliyoitarajia kutokana na mali ile. Soko la maelfu machache ya watu wanaofahamiana na kuandikiana halisahau. Kwa hiyo, ukiulizwa uagize mchezo mapema, mwulize mwenye mchezo maswali mawili tu: unakata fedha yangu lini, na fedha hiyo inalipia mchezo wangu au deni la mchezo uliopita? Ukipewa jibu la kuzungukazunguka, hifadhi fedha yako.

SWALI: Je, mtengenezaji ana uhuru wa kuchagua vita yoyote? Mimi nimezaliwa Kigali, na kuna mambo ambayo singependa kuyaona yamefanywa mchezo. — Msomaji, Brussels

JIBU: Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na nitakujibu kwa upande wa biashara huku nikijua kwamba ulichouliza ni kikubwa kuliko biashara.

Hatari hii ni ya kweli na imegharimu watu fedha. Mwaka 2009 kampuni ya Konami ilitangaza mchezo kuhusu mapigano ya Fallujah, Iraq, ya mwaka 2004, na ndani ya mwezi ule ule ikajitoa kwa malalamiko, yakiwemo ya familia zilizopoteza wapendwa wao. Studio iliyokuwa ikiutengeneza ilibaki bila mchapishaji na baadaye ikafungwa. Serikali nazo zina mkono wao: China iliupiga marufuku Hearts of Iron mwaka 2004 kwa namna ulivyochora mipaka yake ya zamani. Lakini mfano unaotuhusu sisi moja kwa moja ni wa GMT. Kampuni hiyo iliweka kwenye orodha yake ya P500 mchezo ulioitwa Scramble for Africa, kuhusu mataifa ya Ulaya kugawana bara hili, ambamo bara lenyewe lilikuwa uwanja wa kuchimba utajiri na watu wake karibu hawakuonekana. Mwezi Aprili 2019, baada ya kukosolewa, iliuondoa. Kwa kuwa ulikuwa bado kwenye orodha, hakuna aliyekuwa amekatwa fedha na hakuna sanduku lililokuwa limechapwa.

Wapo waliosema kampuni ilisalimu amri kwa kelele. Sikubaliani nao. Mada yenyewe haikukatazwa na mtu. Kilichokataliwa ni kuitazama kutoka kwenye sitaha ya meli peke yake. Mtu akitengeneza mchezo juu ya Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 akawapa Hehe na Mkwawa, au Maji Maji, nafasi ya kuamua mambo, mimi nitaununua na kuwafundisha wanangu. Kuhusu yale ya Rwanda ya 1994 uliyoyagusia, msimamo wangu ni kwamba mauaji ya watu wasio na silaha si mapigano, hayana makamanda wawili wa kushindana, na kwa hiyo hayana umbo la mchezo wa vita hata kidogo. Mtengenezaji asiyeliona hilo kwa moyo wake alione basi kwa daftari lake la hesabu, maana hatapata mchapishaji.

SWALI: Nimesikia kwamba majeshi hununua michezo hii. Je, kampuni ndogo ya Nairobi inaweza kutegemea soko hilo? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Majeshi hununua, ndiyo. Mchezo wa Command, uliotoka mwaka 2013 kwa wachezaji wa kawaida, ulizaa toleo la kitaalamu linalotumiwa na taasisi za ulinzi za Marekani na nchi nyingine, na maabara ya sayansi ya ulinzi ya Uingereza, Dstl, imetumia toleo la kitaalamu la Combat Mission. Mapato ya namna hii hulipwa kwa leseni na hayategemei msimu wa sikukuu wala maoni ya mtandaoni.

Kuyategemea tangu mwanzo, hapana. Michezo yote miwili niliyoitaja ilijengwa kwanza kwa ajili ya raia, ikasahihishwa kwa miaka na wachezaji wakali waliohesabu masafa ya kila kombora, na majeshi yakaja baadaye kwa kuwa usahihi huo ulikuwa umekwisha kuonekana. Ununuzi wa serikali huchukua muda mrefu, bajeti huweza kuahirishwa, na mteja mmoja mkubwa akiondoka anaondoka na nusu ya mishahara yenu. Kama mnao mchezo unaochezeka tayari, ombeni siku moja ya kuuonyesha kwa wakufunzi wa chuo cha ulinzi, bila kudai malipo, na muandike wanachokikosoa. Wakitaka marekebisho, hapo ndipo mkataba uandikwe, nao useme waziwazi kwamba marekebisho hayo yanabaki mali yenu na mnaweza kuyaweka katika toleo la raia, isipokuwa yale ambayo jeshi litayataja kwa maandishi kuwa ni siri.